Chuma Kilichotafutwa kwa Ajili ya Moto

Mezani kwangu kuna kipande cha bamba kinachoenea kiganjani. Siku tulipolichomelea bamba hilo lilikuwa na unene wa milimita 10. Leo ukikipima kwa kalipa utapata 6 upande mmoja na 3 upande wa pili, na kona moja imeliwa hadi imekuwa kali kama kigae. Kote ni cheusi, kimejaa magamba. Ukikipitisha ukucha, gamba linabanduka kama ukoko kwenye sufuria, na chini yake panatokea rangi ya kijivu isiyong'aa. Wajukuu wangu hudhani nimehifadhi kutu. Nikiwaambia kwamba hii ni stenlesi, ndugu yake kijiko cha chai, wanacheka.

Siwalaumu. Hata mafundi wenzangu, watu walioshika mashine ya kuchomelea miaka ishirini, wanaijua stenlesi kwa sinki, sufuria, reli za ngazi na trei za hospitali. Wanaamini ilitengenezwa ipambane na maji, na kwamba ikiwekwa tanurini imepewa kazi ya ziada. Nami niliamini hivyo nilipoanza kazi karakana mwaka 1984. Kilichonibadilisha ni kipande hiki, pamoja na kusoma kwa bidii habari za watu waliokianzisha chuma chenyewe. Stenlesi haikutafutwa kwa ajili ya kijiko. Ilitafutwa kwa ajili ya moto, na katika miji miwili tofauti ambayo haikuwa ikiambizana.

Mji wa kwanza ni Sheffield, Uingereza. Harry Brearley alizaliwa huko mwaka 1871, mtoto wa mtu aliyeyeyusha chuma cha pua. Wakati huo Sheffield ilikuwa bado inayeyusha chuma katika vyungu vya udongo, na udongo wa vyungu hivyo watu waliukanyaga kwa miguu mitupu saa nzima nzima ili usibaki na kokoto wala tundu la hewa, maana chungu kikipasuka motoni chuma chote kimekwenda. Brearley aliacha shule akiwa na miaka 12, akaingia kiwanda cha Thomas Firth & Sons kama kijana wa kutumwa katika vyumba vya chini ya matanuri. Baadaye wakampeleka maabara kuosha chupa. Mwosha chupa yule akajifunza kemia akiwa palepale kazini, jioni kwa jioni, na mwaka 1908 akawa mkuu wa maabara ya utafiti ya viwanda viwili, Brown na Firth. Katika habari hii yote yeye ndiye ninayempenda, kwa sababu aliijua kazi kwa mikono kabla ya kuijua kwa vitabu.

Mwaka 1912 Brearley alipewa tatizo la mitutu ya bunduki. Kila risasi inapotoka, gesi yenye joto kali hupita ikikwangua ndani ya mtutu. Mtutu unatanuka kidogo kidogo, risasi inaanza kupwaya, na bunduki haipigi tena pale unapolenga. Brearley akawaza kwamba chuma chenye kromi nyingi huyeyuka kwa joto la juu zaidi, hivyo huenda kikastahimili. Akajaribu vipimo mbalimbali, na tarehe 13 Agosti 1913 akamimina kutoka tanuri la umeme chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24.

Ili kukichunguza chuma kwa hadubini, unakisugua mpaka king'ae halafu unakipaka asidi kidogo ili kionyeshe chembe zake. Chuma hiki kilikataa. Asidi iliyokuwa ikila kila chuma cha Sheffield haikukigusa, au ilikigusa polepole mno. Siki na maji ya limau navyo havikuacha alama. Wenye bunduki hawakuonyesha hamu nacho. Lakini Brearley alikuwa amekulia mji wa visu, na kisu cha wakati huo kilikuwa kikishika doa kwa limau moja tu. Akawaendea watengenezaji wa visu. Wengine walimrudishia bidhaa wakisema hazikati, hadi Ernest Stuart wa kiwanda cha R. F. Mosley alipokubali kujaribu na hatimaye akaupata moto sahihi wa kukitia ugumu. Inasemwa ni Stuart aliyekijaribu kwa siki na kukiita kwa Kiingereza chuma kisicho na doa. Jina hilo ndilo lililoshika, nasi tukalipokea: stenlesi.

Nadhani jina ndilo lililotupoteza. Lingetoka kwenye mtutu, tungeikumbuka kazi yake ya kwanza.

Mwaka 1914 vita vilianza, na visu vikawekwa kando. Sehemu kubwa ya chuma cha Brearley ilikwenda kwenye vali za kutolea moshi katika injini za ndege. Vali hizo huwa nyekundu kwa joto wakati injini inafanya kazi, tena zinapigwa na gesi ya moshi maelfu ya mara kwa saa. Chuma cha kawaida pale hujikunja na kuliwa. Basi kabla kijiko cha stenlesi hakijafika katika nyumba za watu, ndugu yake alikuwa tayari angani, ndani ya moto.

Mji wa pili ni Essen, Ujerumani, katika kiwanda cha Krupp. Humo mwanafizikia Benno Strauss alikuwa akitafuta kitu kidogo sana: ala ya kipimajoto. Waya wa kupimia joto la tanuri hauwezi kuachwa uchi, unaliwa. Unatakiwa uvikwe ala kama kisu, na ala hiyo ikae ndani ya moto siku zote bila kuharibika. Strauss akachanganya chuma na kromi na nikeli kwa viwango mbalimbali. Mwenzake, Eduard Maurer, akagundua kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa vimekaa maabara kwa miezi, katika mvuke wa asidi, na havikuwa na kutu. Mwaka 1912 Krupp wakaandikisha hataza. Moja ya aina walizozipa majina ni V2A, yenye kromi kama asilimia 20 na nikeli kama 7. Herufi V ni ya neno lao la jaribio.

Tofauti ya miji hii miwili unaweza kuishika mkononi hadi leo. Chuma cha Sheffield hakikuwa na nikeli, na sumaku inakinasa. Chuma cha Essen kina nikeli ya kutosha kuubadilisha mpangilio wa chembe zake, na sumaku inateleza. Mwaka 1924 W. H. Hatfield, aliyerithi nafasi ya Brearley Sheffield baada ya Brearley kugombana na mabwana zake juu ya haki ya ugunduzi na kuondoka, aliweka kipimo cha kromi 18 na nikeli 8. Kipimo hicho ndicho kimejaza maduka ya dunia. Ukienda leo kununua bamba la 304, unanunua mjukuu wa kazi ya Hatfield, aliye mtoto wa ala ya kipimajoto ya Strauss.

Sasa nieleze chuma hiki kinaponaje motoni, maana hapa ndipo nilipotumia maisha yangu.

Kromi iliyo ndani ya bamba hushikana na hewa na kufanya ngozi juu yake. Katika baridi ngozi hiyo ni nyembamba kiasi kwamba jicho halioni chochote ila weupe wa chuma. Ukichomelea, unaiona ikinenepa mbele yako: pembeni mwa mshono inatokea rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Ukizidi kupandisha joto inakuwa gamba jeusi. Gamba hilo likiwa zima ni rafiki. Linaziba njia, hewa haifiki ndani, na bamba linadumu. (Ni ngozi hiyohiyo inayofanya gesi ya kukatia ishindwe kulikata bamba la stenlesi: moto wa oksijeni unaokata chuma cha kawaida kama sabuni hapa unaacha uvimbe tu, mpaka ulete plazma.)

Kwa hewa safi na moto usiozimwa, 304 hustahimili kuliwa hadi karibu nyuzi 925. Aina ya 309, yenye kromi kama 23 na nikeli kama 13, inafika karibu 1,090. Aina ya 310, kromi 25 na nikeli 20, inafika 1,150. Lakini moto ukiwa wa kuwasha na kuzima, 304 inashuka hadi kama 870, na 310 hadi kama 1,035. Nilipousoma mpangilio huo mara ya kwanza nilidhani mchapaji amekosea. Mtu yeyote angesema chuma kinachopumzika kinadumu kuliko kisichopumzika.

Sababu ni hii. Stenlesi ya nikeli ikipashwa hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida. Gamba lake halitanuki hivyo. Moto ukizimwa, bamba linanywea na gamba linabaki kubwa, linapasuka na kubanduka. Ukiwasha tena, bamba lazima litoe kromi nyingine lifanye gamba jipya. Ukizima, hilo nalo linaanguka. Kila kuzima ni kulichubua, hadi kromi ya karibu na uso inakwisha na kinachobaki ni chuma cha kawaida mbele ya moto. Mwaka 2006, wakati wa mgawo wa umeme nchini, tulikuwa tukiisikia sauti ya kuchubuka huko kiwandani. Tanuri likipoa usiku, ukisimama chini ya mnara wake unasikia magamba yakidondoka ndani, tiki, tiki, tiki, kama mchanga juu ya bati.

Narudi kwenye kipande changu. Katika kiwanda cha saruji, unga wa chokaa na udongo hushushwa kupitia saikloni, yaani vyombo vya kuzungusha hewa, kadhaa zilizopangana juu ya mnara kabla ya kuingia tanurini, ili upashwe na hewa inayopanda. Katikati ya saikloni hushuka bomba fupi pana ambamo hewa inatokea. Katika saikloni ya chini hewa hiyo ina nyuzi 850 hadi 900, mambo yakienda vibaya inapita hapo, na ndani yake mna salfa na chumvichumvi na vumbi linalokwangua. Bomba lile ndilo la stenlesi ya moto. Ndani ya tanuri lenyewe, ambako klinka inaiva kwa nyuzi 1,450, hakuna chuma kinachoweza; huko ni matofali, na chuma kinajificha nyuma yake.

Tulihitaji mabamba ya 310 kulifanya upya bomba hilo. Yaliyofika yalikuwa na mhuri wa 304L. Nilikuwa msimamizi wa karakana ya kiwanda hicho, ambacho sitakitaja jina, na niliuona mhuri. Nikapanda ofisini. Nikaambiwa, "Mzee, cheti kinasema stenlesi. Tena hii ina L, ni bora zaidi. Tanuri linasubiri."

Herufi hiyo L ina historia yake. Mafundi wa miaka ya 1920 waliona mabamba ya stenlesi yakioza pembeni mwa mshono, si kwenye mshono wenyewe, bali hatua moja kando yake. Ikagundulika kwamba kati ya nyuzi kama 425 na 850 kaboni iliyo ndani ya chuma hujikusanya mipakani mwa chembe na kujichukulia kromi, na mipaka ikibaki bila kromi inaliwa na asidi. Njia moja ya kuzuia ni kutia titani au niobi, ambazo kaboni huzipenda kuliko kromi. Ndizo 321 na 347 za leo. Njia ya pili ni kuipunguza kaboni yenyewe hadi asilimia 0.03, na hiyo ndiyo L. Kwa tangi la maziwa au la asidi, L ni neema. Lakini motoni kaboni ni mfupa. Chuma kinapokaa na joto kali huku kimebeba uzito, hurefuka polepole, siku kwa siku, bila kuvunjika, kama kamba iliyolowa. Kaboni kidogo hukizuia kisirefuke upesi. Ndiyo maana kwa joto ipo herufi nyingine, H, inayodai kaboni isipungue asilimia 0.04. Aliyeniambia L ni bora alikuwa akisema kweli ya jikoni ndani ya kiwanda cha moto.

Niliyachomelea mabamba yale. Niliweka sahihi yangu. Miezi minne baadaye bomba lililegea, kipande kikakatika na kuziba saikloni. Unga uliopashwa ukarundikana juu yake. Unga huo ukiwa na joto kiasi hicho hauna tabia ya vumbi. Unatiririka kama maji. Tulipofungua mlango wa kuzibulia ulitoka ghafla, na kijana aliyesimama na fimbo ya chuma mbele yangu ukambabua mkono kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Alikuwa na miaka 23. Kipande kilichokatika nilikitoa mwenyewe tanuri lilipopoa, nikakata kona yake, na ndicho hiki.

Tangu hapo nikaanza kuuliza si bamba linafanya nini tu, bali limetoka wapi. Na nilipofuata kromi, nilirudi Afrika.

Nchini Zimbabwe kuna ukanda wa mwamba uitwao Great Dyke, unaokata nchi kwa zaidi ya kilomita 500, na una madini ya kromi bora. Machimbo ya Selukwe, sasa Shurugwi, yalianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kromi ya Rhodesia, kama nchi hiyo ilivyoitwa enzi hizo, ikawa inalisha viwanda vya chuma vya Ulaya na Marekani. Mwaka 1965 walowezi wa huko, wakiongozwa na Ian Smith, wakajitangazia uhuru wao peke yao. Desemba 1966 Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo vya lazima, na kromi ilikuwa kwenye orodha. Lakini mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Seneta Harry Byrd, ikiruhusu kromi ya Rhodesia iingie nchini mwao, kwa hoja kwamba kuikosa kungewafanya wategemee kromi ya Urusi ya Kisovieti. Wapo Wamarekani weusi, wanafunzi na watu wa bandarini, waliojitokeza Louisiana mwaka 1972 kuipinga shehena ilipowasili.

Wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka 10, Morogoro, na baba yangu hakuikosa taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Dar ndiko yalikokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na jina la Smith sisi watoto tulilijua kama tunavyojua jina la jirani mbaya. Nilidhani ugomvi ule ni wa bendera. Sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na vali, mabomba ya matanuri na mabamba, wala kwamba nitakuja kula mkate kwa chuma hichohicho.

Kilichosaidia kulegeza kamba ile ya kuitegemea Rhodesia kilitoka tena kwa mtu aliyekuwa akitazama joto. Shida ya zamani ya wayeyushaji ilikuwa kwamba ukipuliza oksijeni kuiunguza kaboni, kromi nayo inaungua. Hivyo walilazimika kutia mwishoni kromi iliyokwisha kusafishwa kaboni, ambayo ni ghali na hupendelea madini bora kama ya Rhodesia. Mwaka 1954 William Krivsky wa kampuni ya Union Carbide, Marekani, katika majaribio yake alichanganya oksijeni na gesi ya agoni, na akaona kaboni inatoka huku kromi ikibaki. Agoni haiungui, inaipunguza tu nguvu ile gesi ya kaboni ndani ya mapovu ili itoke kwa urahisi. Ilichukua miaka; ni mwaka 1968, katika kiwanda cha Joslyn huko Fort Wayne, Indiana, ndipo chombo cha kwanza cha kazi kamili kikaanza. Njia hiyo inameza kromi ya bei nafuu yenye kaboni nyingi, inayotengenezwa hata kwa madini ya daraja la chini. Bunge la Marekani lilipoifuta ruhusa ya Byrd mwaka 1977, hoja ya wenye viwanda kwamba hawawezi kuishi bila Rhodesia ilikuwa imeishiwa nguvu. Heshima ya ukombozi ni ya waliopigana, na nisingependa mtu aichukue kuipeleka maabara. Ila nafurahi kwamba mapovu ya agoni yalifika wakati ule.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Waswidi wa kiwanda cha Avesta walilitazama tatizo la gamba kwa jicho jingine. Badala ya kuongeza nikeli na kromi, walichukua chuma chenye kromi 21 na nikeli 11, wakaongeza silikoni na naitrojeni, na punje ya seriamu isiyofika asilimia 0.1. Seriamu hiyo hulishikiza gamba lisibanduke bamba linaponywea. Wakakiita 253 MA. Nililichomelea bamba lake mara ya kwanza nikiwa na miaka zaidi ya hamsini, na tulipofungua saikloni baada ya mwaka mzima wa kuwasha na kuzima, nilipitisha kiganja ndani ya bomba na kikatoka na vumbi tu.

Kijana aliyebabuka sasa ni baba wa watoto watatu, na ndiye mpokeaji wa mabamba katika kiwanda kingine. Kovu lake linang'aa akikunja shati. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa amesimama stoo, mbele ya shehena mpya. "Shikamoo Mzee. Wameandika 310S. Sumaku haishiki, lakini ulinifundisha hiyo haitoshi, 304 nayo haishiki." Nikamwambia atafute namba ya yeyusho iliyogongwa kwenye kona ya bamba, afute mafuta kwa kitambaa, aisome, halafu aifuate namba hiyo kwenye cheti. Akasoma polepole, tarakimu moja moja. Zilikubaliana. Akaendelea na cheti: kromi 24.8. Nikeli 19.2. Nikamwuliza kaboni. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Sifuri nukta sifuri tano."

Nikamwambia arudie.